Kisasili Kinapogeuzwa Jibu: Jua na Mwezi katika Vitabu vya Watoto

Mikusanyo ya visasili vya jua na mwezi inayoandaliwa kwa wasomaji wadogo ina sura moja ambayo mwalimu yeyote huitambua upesi. Kila hadithi hupewa kurasa mbili tatu, juu yake huandikwa jina la taifa au la kabila, picha hufuata, na mwishoni msomaji hukabidhiwa sentensi inayofunga mlango: ndiyo maana jua hukaa angani, ndiyo maana mwezi una madoa, ndiyo maana sungura ana mdomo uliopasuka. Sentensi hiyo si uzushi wa wachapishaji. Wasimulizi wa ngano za usuli wameitumia tangu zamani, Afrika na kwingineko. Ila katika masimulizi ya mdomo ni kama kifuniko cha chungu, nacho hufika baada ya chakula kuiva. Katika vitabu vingi vya watoto kifuniko ndicho kinachopakuliwa.

Kosa hilo huonekana dogo kwa sababu imekwisha kukubaliwa kwamba kisasili ni jibu la swali ambalo watu wa kale hawakuwa na elimu ya kulijibu. Kwa mtazamo huo, hadithi ya jua huwekwa mkabala na somo la sayansi, na mtoto hufundishwa kutabasamu kwa huruma juu ya wale walioamini vile. Lakini visasili vyenyewe, vikisomwa katika maandishi yaliyo karibu zaidi na wasimulizi wake, mara chache huhangaikia kilicho juu. Hushughulikia kilichovunjika chini, kati ya watu waliokuwa karibu: rafiki na rafiki, ndugu na ndugu, mgeni na mwenyeji, mfariji na mfiwa. Anga ni makazi ya wale ambao hawakuweza tena kukaa nyumba moja. Toleo la watoto linalohifadhi anga na kuacha nyumba limehifadhi kidogo sana.

Mfano unaofaa kuanziwa ni hadithi ya Kusini mwa Nigeria inayosimulia jinsi Jua na mkewe Mwezi walivyohama duniani. Iliandikwa kwa Kiingereza na Elphinstone Dayrell, mkuu wa wilaya katika serikali ya kikoloni, katika mkusanyo wake uliotolewa London mwaka 1910 pamoja na utangulizi wa Andrew Lang. Mwaka 1968 hadithi hiyo peke yake ilifanywa kitabu cha picha nchini Marekani, kwa michoro ya Blair Lent, na mwaka uliofuata michoro hiyo ikatunukiwa heshima ya Caldecott. Kisa chake ni chepesi. Jua na Maji ni marafiki. Jua humtembelea Maji mara kwa mara, lakini Maji haji kamwe kwa Jua. Anapoulizwa sababu, Maji hujibu kwamba nyumba ya rafiki yake haitamtosha, kwa kuwa yeye ana watu wengi; akitaka kutembelewa, na ajenge ua mkubwa sana. Jua anajenga, kisha anamwalika. Maji anafika mlangoni, anauliza kama ni salama kuingia, naye anakaribishwa. Anaingia pamoja na samaki na viumbe vyote vya majini. Akifika magotini anauliza tena, naye anakaribishwa. Akifika kimo cha mtu mzima anauliza kama wenyeji wangali wanataka watu wake waingie, naye bado anakaribishwa. Mume na mke wanapanda juu ya paa. Paa nalo linafunikwa. Hawana pa kwenda ila mbinguni.

Msomaji akikaa na kisa hiki kidogo, ataona kwamba hakuna mwovu ndani yake. Maji ametimiza kila sharti la adabu. Alionya mapema, akauliza mlangoni, akauliza akiwa ndani. Jua naye hakukosa ukarimu. Kosa lake, kama ni kosa, ni kutojua ukubwa wa neno alilolitamka. Kwa hiyo swali linalobaki kwa mtoto ni gumu na la manufaa: je, mtu aweza kupoteza nyumba yake kwa wema? Na je, rafiki anayeuliza tena na tena, huku akiona wenyeji wako juu ya paa, bado anauliza kweli? Calabar na vijiji vyake viko kwenye mlango wa Mto Cross, ambako maji hupanda na kushuka kila siku kwa nguvu ya bahari. Kwa wasikilizaji wa huko, maji yaliyofika magotini hayakuwa lugha ya picha.

Lent alichagua kuwachora wahusika kama waigizaji waliovaa vinyago na mavazi ya ngoma. Ni uamuzi wa busara, kwa maana kinyago humwambia mtoto mambo mawili kwa pamoja: huyu ni Jua, na huyu ni mtu anayecheza Jua. Upungufu wake ni ule wa vitabu vingi vya aina hii, yaani Afrika inayoonekana ndani yake ni Afrika kwa jumla, isiyo na mji wala mto. Hata hivyo kati ya matoleo ya watoto ya kisasili hiki, kitabu hicho kina heshima ya kutoongeza somo la adabu mwishoni. Matoleo mengine yaliyofuata hayakujizuia.

Kwa mtafsiri wa Kiswahili, hadithi hii ni zawadi, na mtu anaweza kushangaa kwamba haijawa mali ya kawaida ya shule za Katanga, Maniema na Kivu. Mazungumzo yake yote ni hodi na karibu. Kiingereza cha Dayrell kinalazimika kueleza kwa sentensi nzima kwamba mgeni aliuliza usalama wa kuingia na mwenyeji akakubali. Kiswahili kina neno moja kwa kila upande, na kila mtoto huyajua maneno hayo kabla hajajua kusoma. Zaidi ya hayo, ada ya hodi ina hesabu yake: mgeni hupiga hodi mara tatu, na asipojibiwa huondoka zake. Katika hadithi hii mgeni anapiga hodi tena na tena na kila mara anajibiwa, kila mara maji yakiwa juu zaidi. Mtoto wa Kiswahili atatambua, bila kufafanuliwa, kwamba ada iliyowekwa kumlinda mwenyeji ndiyo inayomzamisha. Mtafsiri atakayeandika kwamba Maji aliuliza kama kuna usalama wa kutosha atakuwa amefuata Kiingereza neno kwa neno na kukitupa Kiswahili chenyewe.

Kuna jambo lingine ambalo sarufi ya Kiswahili inaliweza na ambalo wafasiri hulipita. Nomino jua ni ya ngeli ya JI-MA, mwezi ni ya M-MI, maji ni ya YA. Wanapofanywa wahusika, mazoea ni kuwapa upatanisho wa viumbe hai: Jua alisema, Mwezi alicheka, Maji akauliza. Mazoea hayo ni sahihi, lakini kwa kawaida hutumiwa kama kanuni ya kuwekwa mara moja na kusahauliwa mpaka nukta ya mwisho. Kumbe ndani ya kisasili mabadiliko ndiyo kiini. Maji anayesimama mlangoni ni mtu, naye anastahili a-: Maji akapiga hodi. Maji yanayofika magotini si mtu tena: yakajaa, yakapanda, yakafunika paa. Mahali hasa ambapo msimulizi anaiacha a- na kushika ya- ni mahali ambapo rafiki anakoma kuwa rafiki. Vivyo hivyo kwa wenyeji. Juu ya paa, Jua bado anamshika mkewe mkono. Angani, jua linawaka. Hakuna sentensi ya ndiyo maana itakayosema hasara hiyo vizuri kuliko kiambishi kimoja kinachobadilika.

Itapingwa kwamba mtoto wa Lubumbashi hatambui ngeli hizo, kwa kuwa katika Kiswahili cha mitaani husikika mara nyingi jua inawaka na maji inajaa. Pingamizi hilo lina ukweli nusu. Kiswahili cha Lubumbashi kimepunguza ngeli za vitu, lakini hakijafuta mpaka kati ya mtu na kitu: mtu bado ni a-, watu bado ni ba-. Mtoto asiyejali li- na ya- atasikia kabisa tofauti ya Maji anaingia na maji inaingia. Kwa hiyo mbinu hii haiwahusu wale tu waliosoma Kiswahili sanifu; pengine itafanya kazi kwa nguvu zaidi pale ambapo tofauti iliyobaki ni moja tu.

Jambo la sarufi linaongoza kwenye jambo la jinsia. Visasili vya dunia humfikia mtafsiri wa Kongo, mara nyingi, kupitia Kifaransa. Kifaransa huliweka jua katika jinsia ya kiume na mwezi katika jinsia ya kike. Kwa hadithi ya Calabar hakuna tatizo, kwa kuwa huko Jua ni mume na Mwezi ni mke, ingawa ulingano huo ni wa bahati tu. Kijerumani hugeuza mpangilio huo, Kiarabu pia, na Waswahili wa pwani wanaompa binti jina la Shamsa wanamwita jua bila kuona ajabu yoyote. Kiswahili chenyewe hakina upande. Ngeli zake haziulizi mume ni nani. Uhuru huo ni mali, lakini ni mali inayopotea ikiwa mtafsiri hatazami. Akiona mhusika Jua na asipate neno linalosema wazi kwamba ni mwanamke, mkono wake utaandika baba, mfalme, bwana.

Hasara yake huonekana Japani. Katika maandishi ya kale ya nchi hiyo, Amaterasu, mungu wa jua, ni wa kike, na Tsukuyomi, mungu wa mwezi, kwa kawaida huchukuliwa kuwa wa kiume. Kitabu cha Nihon Shoki cha mwaka 720 kinasimulia kwamba Amaterasu alimtuma Tsukuyomi kumtembelea Ukemochi, mungu wa chakula. Mwenyeji huyo aliugeuza uso wake kuelekea nchi kavu na wali ukatoka kinywani. Akaelekea bahari, samaki wakatoka. Akaelekea milima, wanyama wa kuwindwa wakatoka. Vyote akaviandaa mezani. Mgeni alichukizwa kuandaliwa chakula kilichotoka kinywani mwa mtu, akachomoa upanga na kumwua. Amaterasu alipopata habari alikasirika akasema hatamwona tena uso kwa uso, na tangu siku hiyo jua na mwezi hukaa mbalimbali, mmoja mchana na mwingine usiku. Baadaye mjumbe aliyetumwa aliukuta mwili wa marehemu umetoa ng'ombe na farasi kichwani, nafaka katika paji la uso, viwavi vya hariri katika nyusi, mpunga tumboni, ngano na maharagwe katika tupu yake. Amaterasu akazipokea zikawa mbegu za wanadamu. Inafaa kukumbukwa kwamba katika Kojiki, kitabu kilichotangulia mwaka 712, tendo kama hilo anapewa Susanoo, ndugu mwingine, na mwezi haumo. Hata kisasili cha taifa moja lenye maandishi hakina toleo moja.

Katika mikono ya waandishi wa watoto, kisa hiki hupunguzwa kuwa ugomvi: Tsukuyomi alikosa adabu, dada yake akakasirika, basi usiku na mchana vikatengana. Kisu cha mhariri kinajulikana kilitaka kukata nini. Matapishi, upanga na tupu si vitu vya darasa la tatu. Lakini pamoja navyo limekatwa jambo ambalo mtoto wa mkulima angelielewa haraka kuliko profesa, nalo ni kwamba chakula chote hutoka katika mwili wa mtu aliyechoka, na kwamba mgeni anayekinyanyapaa chakula kwa sababu ameona kilivyopikwa anamdhuru aliyekipika. Hasira ya dada si ya usafi wala ya adabu. Ni ya damu ya mwenyeji. Hadithi hii na ile ya Calabar zingefaa kusomwa siku moja: kule mwenyeji anaharibiwa na mgeni aliyeuliza sana, huku na mgeni asiyeuliza lolote.

Kisasili cha Wainuiti ni kigumu zaidi, na hapa mhakiki hana budi kukubali kwamba waandishi wa watoto wamekutana na kizuizi cha kweli. Kimesimuliwa toka Alaska hadi Greenland, na miongoni mwa waliokiandika mapema ni Franz Boas katika taarifa yake ya mwaka 1888. Katika nyumba ya giza, msichana alijiwa usiku na mwanamume asiyemjua. Ili amtambue alijipaka mikono masizi ya taa, akamgusa. Mwanga ulipowaka aliona masizi hayo mwilini mwa kaka yake mwenyewe. Akachukua mwenge akakimbia; kaka akachukua mwenge akamfuata; wakapaa. Mwenge wa dada uliendelea kuwaka, naye ni jua. Wa kaka ulififia ukabaki kaa jekundu, naye ni mwezi, na alama za mkono wa dada yake bado zaonekana usoni pake. Katika masimulizi kadhaa dada anajikata titi na kumtupia kaka maneno makali kabla ya kukimbia. Kisa kinachofanana nacho kinasimuliwa pia na mataifa mengi ya Amazon, ambako rangi nyeusi ya tunda huchukua nafasi ya masizi, na Claude Lévi-Strauss alikifuatilia kwa kina katika uchunguzi wake wa visasili vya mabara ya Amerika.

Watoto husimuliwa kwamba ndugu hao waligombana, au walikuwa wakikimbizana kwa mchezo. Toleo hilo ni baya kuliko kunyamaza. Kisasili kinahusu msichana aliyetendewa ubaya gizani na mtu wa nyumbani, asiye na wa kumwamini, akapata kwa akili yake njia ya kumtia alama mtendaji mbele ya watu wote. Na alama hiyo haikufutika mpaka leo. Wapo wasichana ambao hadithi hiyo ingewafaa kuliko nyingine zote za mkusanyo. Kama umri wao haujaifikia, basi kitabu na kiiache kwa madarasa ya juu, kama vile mama anavyoacha maneno fulani mpaka wakati wake. Kuichukua, kuiondolea kosa, na kubakiza mbio na mienge ni kuwaambia wasomaji kwamba madoa ya mwezi hayana sababu. Kwa mtafsiri kuna swali dogo la neno. Kaka na dada yatosha, lakini Kiswahili cha zamani kilikuwa na umbu, neno ambalo kamusi huliweka kwa ndugu wa kike wa mwanamume, na ambalo lingebeba uzito wa mwiko bila maelezo. Limepotea midomoni mwa vijana. Pengine kisasili kama hiki ndicho chenye haki ya kulirudisha.

Si kila mwandishi wa watoto amekwepa. Kitabu cha Gerald McDermott cha mwaka 1972 juu ya Anansi wa Waashanti kinastahili kutajwa kwa jambo moja. Anansi anapotea na kuokolewa na wanawe sita, kila mmoja kwa kipaji chake. Baadaye anaokota msituni tufe la nuru, naye ataka kumpa mwana aliyemwokoa. Yupi? Aliyeona hatari, aliyejenga njia, aliyeinywa mito, au mmoja wa wale watatu wengine? Hakuna uamuzi unaofikiwa, na Nyame anaichukua nuru hiyo kuiweka juu, ambako imekuwa mwezi. Hapa mwezi si jibu. Mwezi ni swali lililoshindikana, limetundikwa mahali ambapo kila mtu aweza kuliona na kuendelea kubishana. Ngano ya namna hii, inayowaachia wasikilizaji hukumu, inajulikana vema katika Afrika, na mwandishi alikuwa na hekima ya kutoihukumu kwa niaba yao.

Hazina iliyo tajiri kuliko zote kwa msomaji mdogo, na ambayo hutumiwa kwa ubahili mkubwa, ni ile ya watu wa |Xam wa Afrika Kusini. Masimulizi yao yaliandikwa Cape Town katika miaka ya 1870 na Wilhelm Bleek na Lucy Lloyd, kutoka kwa wasimulizi ambao baadhi yao walikuwa wafungwa walioruhusiwa kukaa nyumbani kwa Bleek. Bleek alifariki mwaka 1875. Lloyd ndiye aliyefikisha kitabu mitamboni mwaka 1911, lugha ya wasimulizi upande mmoja na Kiingereza upande mwingine. Lugha hiyo leo haina msemaji.

Ndani ya kitabu hicho Jua ni mzee ambaye nuru yake hutoka kwapani. Akiinua mkono, kunang'aa kwake tu. Akilala, dunia yote ni giza. Kwa ushauri wa kikongwe, watoto wanamnyemelea akiwa usingizini, wanamwinua wote kwa pamoja na kumrusha juu, wakimwamuru abaki huko, apite angani na kuondoa giza, ili watu wapate joto na mabuu wanayoyala yapate kukauka. Ni nadra sana katika visasili vya dunia kwamba watoto ndio wanaoweka jua mahali pake, tena kwa kumwamrisha mzee. Mtu angedhani kila mkusanyo wa watoto ungeanza hapo. Mwezi nao, kwa watu hao, hukatwakatwa na Jua kwa kisu usiku baada ya usiku, mpaka unapoomba uachiwe uti wa mgongo kwa ajili ya watoto; kutokana na uti huo hukua tena.

Humo pia mna hadithi ya sungura, na hapo ndipo uchaguzi wa mwandishi wa watoto huwa na uzito kuliko penginepo. Toleo linalojulikana zaidi limetoka kwa Wakhoikhoi, nalo lilichapishwa na Bleek mwaka 1864. Mwezi unatuma ujumbe kwa wanadamu: kama mimi ninavyokufa na kufufuka, nanyi mtakufa na kufufuka. Sungura anaubeba na kuupotosha, na watu wanaambiwa kwamba watakufa kabisa. Mwezi kwa hasira unampiga sungura, mdomo unapasuka. Wanama, kwa sababu hiyo, walikataa kula nyama yake. Katika toleo la |Xam hakuna ujumbe wala mjumbe. Kuna sungura mdogo anayemlilia mama yake. Mwezi unamwambia anyamaze, mama hakufa kabisa, atarudi kama Mwezi urudivyo. Mtoto anakataa. Anasema mama yake amekufa kweli. Mwezi unakasirika, unampiga ngumi mdomoni, na kuamuru kwamba tangu sasa watu nao watakufa bila kurudi.

Kati ya matoleo hayo mawili, la kwanza ni jepesi kulisoma darasani: kifo kiliingia kwa ulimi wa mzembe. La pili halina faraja. Linasema kifo kiliingia kwa sababu mtoto aliyefiwa hakukubali kunyamazishwa, na msikilizaji hajui amlaumu nani, mtoto aliyesema alichokiona au mkubwa aliyempiga kwa kukisema. Katika mashariki ya Kongo, tangu vita vya mwaka 1996 na vilivyofuata, mwalimu wa Bunia, Goma, Bukavu au Kalemie ana mbele yake wanafunzi wanaoijua hali ya sungura huyo. Atakayechagua toleo la mjumbe aeleweke. Yeye anawajua watoto wake. Atakayethubutu kuchagua la pili naye aeleweke. Asiyeeleweka ni mhariri anayefuta kifo kabisa na kubakiza mdomo uliopasuka, ili hadithi iwe ya kuchekesha juu ya sura ya mnyama. Mtoto aliyefiwa anakuta hadithi iliyomhusu yeye, na ndani yake hayumo.

Haipaswi kudhaniwa kwamba visasili vya namna hii vipo mbali tu. Watabwa wa pwani ya kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika huziita balamwezi safu za pembetatu zinazochorwa juu ya vinyago, mikeka na ngozi ya mwili, na jina hilo hufasiriwa kuwa kuchomoza kwa mwezi mpya. Mwaka 1985 Allen Roberts na Evan Maurer walilitumia katika anwani ya kitabu chao juu ya sanaa ya Watabwa. Msemaji wa Kiswahili atasikia ndani yake mbalamwezi, nuru ya mwezi, bila kuhitaji mwanaisimu. Lugha za nchi zina mengine: ntangu ya Kikongo ni jua na pia ni wakati, diba ya Ciluba ni jua na pia ni saa, sanza ya Lingala ni mwezi wa angani na mwezi wa kalenda, kama ilivyo katika Kiswahili. Mkusanyo wa jua na mwezi utakaotungwa kwa shule za Kongo unaweza kuanzia kwenye maneno hayo ambayo watoto huja nayo darasani, kabla ya kuvuka kwenda Calabar, Japani na Greenland.

Mtungaji wa mkusanyo huo atarudi kwenye swali la viambishi, na kwa sungura wa |Xam atakuta kwamba mbinu ya Calabar haimsaidii. Kule Jua na Maji walipoteza a- yao walipoacha kuwa jirani. Huku Mwezi hupungua hadi kubaki uti wa mgongo, hurudi, husema, hupiga, tena kwa ngumi ya mtu. Hakuna mahali ambapo msimulizi angeweza kusema kwa haki kwamba mwezi ulikasirika. Alikasirika, na yule mtoto alimjibu.